Bega Lililoumizwa na Sindano ya Chanjo: Fidia ya Marekani Inavyopatikana

Madai mengi ya fidia ya madhara ya chanjo Marekani hukwama kwenye karatasi za kliniki kabla hata hayajafika mahakamani. Tuchukue bega, maana ndilo ninalolishughulikia zaidi: chanjo ya mafua imechomwa juu mno, sasa mkono hauinuki.

Humshtaki muuguzi wala kiwanda. Sheria ya 1986 ya madhara ya chanjo inakupeleka kwanza Mahakama ya Madai ya Shirikisho, Washington, ukimdai Waziri wa Afya. Uraia si sharti, ila kwa kawaida chanjo iwe imechomwa Marekani. Ya Dar es Salaam haiingii. Chanjo za UVIKO-19 zina mpango wake, mgumu zaidi: mwaka 1 tu tangu uchanjwe, na maumivu hayalipwi.

Jedwali la sheria, yaani orodha ya madhara yanayohesabiwa kuwa yametokana na chanjo, linataka maumivu yaanze ndani ya saa 48, bega liwe halikuwa na shida awali, na pasiwe na sababu nyingine, kama mshipa wa fahamu uliobanwa shingoni. Athari zizidi miezi 6. Ombi lifunguliwe ndani ya miezi 36 tangu dalili ya kwanza, si tangu daktari alipoupa ugonjwa jina. Wengi huhesabu vibaya hapo.

Penye tabu kubwa ni zile saa 48. Mtu huvumilia miezi 3 akinywa dawa za maumivu, akifika kwa daktari inaandikwa “bega linauma wiki 2”. Mawakili wa serikali wataushika mstari huo. Usimwombe daktari aufute! Tafuta ujumbe wa simu wa siku zile na viapo vya maandishi vya waliokuona ukishindwa kuvaa shati.

Serikali ikikubali dai, kinachobaki ni kiasi. Ikikataa, bado mnaweza kupatana: hati ya mapatano itasema wazi kwamba haikiri chanjo ndiyo chanzo, lakini inalipa. Isikukere, hela ni ileile. Fidia ya maumivu ina kikomo cha dola 250,000. Mshahara uliopotea na gharama ulizotoa mfukoni huhesabiwa kando. Kama ulitibiwa kwa Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, pata kwa maandishi kiasi inachodai kurudishiwa kabla hujataja bei yako.

Wakili hulipwa kando kwa amri ya mahakama. Akikuomba asilimia ya fidia yako, mkatalie; sheria inamzuia.

Uamuzi huwekwa hadharani, jina lako likiwemo. Una siku 14 za kuomba taarifa nyeti za matibabu zifichwe.