Illinois imefuta fedha ya dhamana, haijafuta rumande

Mama mmoja aliyetoka Kivu Kusini alinipigia simu usiku wa manane. Mwanawe alikuwa amekamatwa jioni ile, na watu wa kanisani kwao walikwisha kuanza kuchanga. "Baba, hizi pesa tunampelekea nani?" Nikamwambia hakuna wa kupelekewa. Alinyamaza muda mrefu, maana alidhani nasema kijana hatoki.

Mimi ni wakili wa utetezi, na swali hilo naulizwa na Waswahili wa Chicago na wa Rockford hadi leo, ingawa sheria ilibadilika Septemba 18, 2023. Siku hiyo Illinois ilikuwa jimbo la kwanza Marekani kuondoa kabisa fedha katika dhamana ya kesi za jinai. Sheria yenyewe inaitwa SAFE-T. Ilikuwa na kurasa 764, ikasukumwa na wabunge Weusi wa jimbo baada ya mauaji ya George Floyd, mtu Mweusi aliyeuawa na polisi, ikapita Januari 2021 na kutiwa saini na Gavana J.B. Pritzker Februari 22. Ndani yake mna mengi, kwa mfano kamera za mwilini kwa kila polisi, lakini nitashika hili moja la dhamana, kwa kuwa ndilo linalogusa familia usiku ule ule wa kukamatwa.

Kwanza tukumbuke ilivyokuwa. Hakimu alitaja kiasi, familia ikaweka asilimia 10 kwa karani wa mahakama. Ikitajwa dola 50,000, unatafuta 5,000. Kesi ikiisha, karani alibakiza sehemu ya kumi ya amana ile kama ada (kaunti ya Cook ilikuwa na kikomo cha dola 100), na mara nyingi kilichosalia kiliishia kwenye faini na gharama. Nilikuwa na mteja aliyekaa rumande karibu mwezi kwa kukosa dola mia chache. Kosa lake lilikuwa dogo, na alipotoka kazi ilikuwa imekwenda, na chumba pia. Siku aliyosomewa mashtaka, mtu mwingine mwenye kesi ya bunduki alilipiwa na ndugu zake, akarudi nyumbani kabla ya chakula cha jioni. Sijawahi kuona maelezo ya kuniridhisha kwamba mpango ule ulimlinda raia yeyote.

Sasa fedha haitajwi. Lakini, na hapa ndipo wengi wanapoteleza, mtu bado anaweza kuwekwa ndani hadi kesi isikilizwe, na akiwekwa hakuna kiasi cha kumtoa. Mwendesha mashtaka akitaka hivyo lazima awasilishe ombi, na kosa liwe miongoni mwa yale yaliyoorodheshwa: jinai za kutumia nguvu, za ngono, za kupiga au kutishia watu wa nyumbani, nyingi za silaha, na kadhalika. Kisha athibitishe kwa ushahidi ulio wazi na wa kushawishi mambo matatu: kwamba inaelekea sana mshtakiwa ametenda kosa hilo, kwamba ni tishio la kweli kwa mtu fulani au kwa jamii, au ana nia ya kutoroka, na kwamba hakuna sharti la kuachiwa linaloweza kuzuia hatari hiyo. Hakimu akikubali, anaandika sababu zake. Akiwekwa ndani, mshtakiwa anatakiwa afikishwe kwenye kesi ndani ya siku 90.

Hilo la kuandika sababu ndilo ninalolithamini kuliko yote. Zamani hakimu aliyemwogopa mtu alitaja kiasi asichoweza kukilipa, basi. Hofu ilijificha nyuma ya tarakimu, nami sikuwa na cha kukatia rufaa.

Upinzani ulikuwa mkali. Mwaka 2022 watu waliambiwa kwamba milango ya magereza itafunguliwa na wauaji watamwagika mitaani. Orodha ya makosa ilirekebishwa Desemba ile ile, lakini siku chache kabla ya Januari 1, 2023, sheria ilipotakiwa kuanza, hakimu wa kaunti ya Kankakee alisema inavunja katiba. Mahakama ya Juu ya jimbo ikaisimamisha, kisha Julai 18 ikaamua, majaji watano kwa wawili, kwamba ni halali.

Hoja moja kubwa ilikuwa juu ya neno, na Mswahili analielewa upesi. Katiba ya Illinois inampa mtu haki ya dhamana kwa "wadhamini wa kutosha". Walioipinga sheria walidai hiyo ni fedha. Jaji Mkuu Mary Jane Theis akaandika kwamba katiba haisemi fedha ndiyo njia pekee ya kumrudisha mtu mahakamani au kuwalinda watu. Aliyewahi kumdhamini ndugu yake Mahakama ya Mwanzo kule Tanzania, akiwa na barua ya serikali ya mtaa mkononi, anajua kwamba mdhamini ni mtu kwanza.

Je, wanarudi mahakamani? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Loyola, Chicago, walikuta kwamba katika mwaka wa kwanza hati za kuwakamata waliokosa kufika zilipungua kutoka asilimia 17 ya kesi hadi 15. Dosari zipo, nami zinaniumiza: wako wanaofungwa kifaa cha mguuni cha kuwafuatilia miezi mingi, na kaunti ndogo hazina mawakili wa umma wa kutosha kwa usikilizaji wa haraka hivi.

Kwa hiyo ukipigiwa simu kwamba ndugu yako amekamatwa na mtu anataka fedha ya dhamana kwa kesi ya jimbo, huyo ni tapeli, usimtumie. Mahakama za shirikisho (za serikali kuu ya Marekani) na za uhamiaji ni jambo jingine. Uhamiaji dhamana ya fedha ingali ipo. Kwa kesi ya jimbo, mpe wakili wa umma anwani ya nyumbani, jina la kazini, dawa anazotumia, na nani ataishi naye. Nenda ukumbini, hakimu akuone.

Yule mama alikwenda na mzee wa kanisa. Walikaa benchi la mbele kwa muda wa saa tatu. Pesa za mchango zilirudi kwa wenyewe Jumapili.