Kwa nini pembetano haitandazi sakafu, ilhali imejaa shambani na baharini

Katika kufundisha jiometri hapa Mombasa, hakuna swali ninalolipenda kuliko hili: kwa nini mafundi wa vigae hutandaza miraba na hata pembesita, lakini hawatandazi pembetano sawa, yaani ile ambayo pande zake zote na pembe zake zote zinalingana? Jawabu limo katika namba 108, ambayo ni kipimo cha nyuzi cha kila pembe yake ya ndani. Vigae vitatu vya namna hiyo vikikutana penye nukta moja hujaza nyuzi 324, likabaki pengo la nyuzi 36 ambalo kigae cha nne hakiwezi kuingia bila kupandia mwenzake. Zipo pembetano zisizo sawa ambazo hujaza sakafu vizuri, na aina ya 15 kati ya zile zisizobonyea ndani ilipatikana mwaka 2015, lakini iliyo sawa haikubali kabisa.

Kuiunda si kazi. Chukua ukindu uliochanwa kwa upana ulio sawa, ufunge fundo moja la kawaida, ulikaze polepole huku ukilibonyeza mpaka lilale, nawe utaona pembetano sawa mbele yako. Sasa ichore karatasini pamoja na mistari yake mitano ya ulalo, yaani ile inayounganisha pembe zisizopakana: itatokea nyota, na katikati ya nyota hiyo pembetano nyingine ndogo iliyopinduka, ambayo nayo ina nyota yake, na hivyo hivyo bila kikomo. Urefu wa ulalo ukigawanywa kwa urefu wa upande, jibu ni takriban 1.618, namba ambayo haiandikiki kama sehemu ya namba mbili kamili. Kwangu mimi hii ndiyo siri nzuri kuliko zote za umbo hili.

Fuwele za kawaida, kama zile za chumvi, hujengwa kwa kurudia mpango mmoja kila upande, na kwa hiyo zinabanwa na kanuni ile ile ya sakafu. Ndiyo maana wengi walimpinga mwanasayansi Dan Shechtman alipoona mwaka 1982, katika mchanganyiko wa alumini na manganizi, mpangilio wenye ulinganifu wa tano, kama wa pembetano sawa. Ulikuwa na utaratibu lakini haukujirudia, na mwaka 2011 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Ua halina haja ya kujaza sakafu. Hukua kuzunguka kitovu kimoja, na hapo tano haizuiliwi na chochote: hesabu petali za mwarobaini au za mbuyu. Likate papai kwa upana, si kwa urefu, uone uwazi wenye umbo la nyota ambao kuta zake zimebeba mbegu. Bamia nayo mara nyingi huonyesha vyumba vitano.

Maji yakipwa, mgeuze kwa upole kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, aliyebaki kwenye kidimbwi cha mwambani, kisha umrudishe majini. Mifereji mitano yenye safu za vijiguu laini inakutana mdomoni, katikati kabisa. Hata hivyo hakuanza maisha akiwa hivyo: akiwa kiluwiluwi anayeelea, mwili wake una upande wa kulia na wa kushoto kama wetu, na tano huchipuka baadaye, kutoka kifuko kilicho upande wa kushoto kinachogawanyika kuwa ndewe tano.