Wabengali wa London si Wahindi

Kila ikitajwa Whitechapel, mtaa wa mashariki ya London, hakosi mtu wa kusema "kule kwa Wahindi". Tuliweke sawa.

Mbengali ni mtu ambaye lugha ya kwao ni Kibengali. Wapo wa Kolkata, ambao ni raia wa India, na wapo wa Bangladesh, iliyojitenga na Pakistan kwa vita mwaka 1971. Waliojaa mashariki ya London ni hawa wa pili. Katika sensa ya 2021, zaidi ya thuluthi moja ya wakazi wa Tower Hamlets, wilaya ya London yenye Whitechapel ndani yake, walijitaja kuwa na asili ya Bangladesh.

Na wengi wao chimbuko ni Sylhet, kaskazini mashariki mwa nchi hiyo, wenye lahaja yao na hata hati yao ya zamani. Kwa nini Sylhet? Meli za mvuke za Waingereza zilizoondoka Kalkuta, ndiyo Kolkata ya leo, zilitaka watu wa kuchochea makaa kwenye matanuri, kazi ya joto la kuua. Aliyewaajiri ni serang, yaani mkuu wa mabaharia, ndiye huyu serahangi wetu wa pwani, naye alichukua watu wa kijijini kwake. Baadhi waliteremka London wasirudi melini. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, viwanda vilipohitaji mikono, wao ndio waliowapokea ndugu zao. Ile migahawa ya Uingereza inayoitwa ya Kihindi, mingi imefunguliwa na Wasylheti.

Kuwaita Wapakistani ni kubaya zaidi. Tarehe 21 Februari 1952 vijana walipigwa risasi Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh ya leo, wakidai Kibengali kiwe moja ya lugha za taifa la Pakistan. Mfano wa mnara wa mashahidi hao umesimama Whitechapel, katika bustani ya Altab Ali, iliyopewa jina la kijana mshonaji nguo aliyeuawa na wabaguzi jirani na hapo tarehe 4 Mei 1978. Maelfu walilisindikiza jeneza lake hadi Downing Street, kwa waziri mkuu wa Uingereza. Na wabaguzi wa miaka hiyo waliwatukana Waasia wote kwa jina la Pakistan, wakiwemo hawa waliokuwa wametoka kupigana nayo.

Kwa hiyo mwenye mgahawa wa Brick Lane, barabara ya huko huko mashariki ya London, akikuambia kwao ni Sylhet, mwite Msylheti, au Mbangladeshi. Mbengali pia ni sawa, mradi ukumbuke kuwa wa Kolkata naye ni Mbengali.