Kumpima kotabeki wa chuo kabla ya drafti ya NFL: wanapima nini hasa?

Kila ikikaribia mwezi wa nne mashabiki wa NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Marekani, wanaanza kubishana kuhusu madogo ambao hawajacheza hata mechi moja ya kulipwa, huyu ana mkono, yule mfupi, yule mwingine kichwa hamna, na kama umeanza kufuatilia huu mchezo juzi juzi lazima ujiulize hivi hawa watu wanajuaje. Jibu ni kwamba hawajui. Wanapima tu, na shida ni kwamba vinavyopimika kirahisi sio vile vinavyomfanya mtu awe kotabeki.

Drafti ni siku tatu ambazo timu 32 zinapeana zamu kuchagua wachezaji kutoka vyuoni, raundi 7, na timu iliyovurunda zaidi msimu uliopita ndo inaanza labda iwe imeuza zamu yake. Raundi ya kwanza ni Alhamisi jioni kwao, Afrika Mashariki inakua saa tisa usiku kuamkia Ijumaa kwahiyo ukimuona mtu anasinzia kazini siku hiyo umeshajua. Kotabeki ni yule anayeshika mpira karibu kila timu yake inaposhambulia na kuamua arushe, amkabidhi mwenzake au akimbie mwenyewe. Ukimpata mzuri umetulia miaka kumi, na tangu 2011 mishahara ya wanaoingia ina ukomo, yaani unampata kwa bei ya chini miaka minne ya mwanzo, ndo maana timu zinacheza kamari hata pale ambapo mtu mwenye akili zake angesita.

Vipimo vyenyewe vinaanzia kwenye kombaini, yale majaribio ya pamoja ya wachezaji wa chuo mbele ya timu zote, pale Indianapolis. Urefu, uzito, mbio za yadi 40, mpaka kiganja kinapimwa kwa inchi kuanzia kidole gumba mpaka kidole cha mwisho, eti mwenye kiganja kidogo mpira utamponyoka kwenye baridi na mvua. Joe Burrow alipopimwa 2020 akatoka na inchi 9 watu wakaongea weee, mwenyewe akaandika kwa utani kwamba anafikiria kustaafu, akachaguliwa wa kwanza na timu ya Bengals na msimu wake wa pili akawafikisha Super Bowl, yaani fainali ya NFL. Tom Brady mwaka 2000 alikimbia hizo yadi 40 kwa sekunde 5.28, mwendo wa mtu anayewahi daladala, akachaguliwa wa 199 baada ya makotabeki sita wengine. Akashinda Super Bowl saba. Sisemi vipimo havina maana, mkono dhaifu ni mkono dhaifu, ila vinakwambia nani hafai zaidi ya kukwambia nani anafaa.

Kazi yenyewe iko kwenye video za mechi. Chukua mpira mmoja tu, jaribio la tatu kati ya manne, zimebaki yadi nane ili timu iendelee na mpira. Dogo anapokea mpira, mbele yake kuna majitu matano yanamkinga, na ana kama sekunde mbili na nusu hivi. Mtu wa kawaida anafuata mpira unaenda wapi, skauti, yule anayewachambua wachezaji kwa niaba ya timu, anaangalia kofia ya kotabeki imegeukia wapi na miguu yake inafanya nini. Mpokeaji wa kwanza kabanwa, je anahamia kwa wa pili na wa tatu kwa utulivu huku miguu inafuata macho, au anaganda palepale mpaka anaangushwa, au akimuona tu adui kwa pembeni anakurupuka kukimbia wakati alikuwa bado salama? Akirusha, alirusha kabla mwenzake hajageuka au alisubiri amuone yuko wazi kabisa? Hilo la mwisho mimi naliona kubwa kuliko yote, maana chuoni mpokeaji aliye wazi hana mtu karibu, huku juu "wazi" ni nusu hatua. Na yule anayeng'ang'ania mpira mpaka anaangushwa ovyo chuoni, hiyo tabia huwa inapanda naye ndege.

Halafu kuna mfumo aliotokea. Timu nyingi za chuo kocha anamrahisishia kila kitu, mpaka 2023, kabla redio za kofia hazijaruhusiwa chuoni, wachezaji wote walikuwa wanageukia benchi kusoma mabango na ishara, dogo anaambiwa rusha pale, anarusha, takwimu zinapendeza. NFL kocha anamsemesha kotabeki kwa redio ndani ya kofia lakini zikibaki sekunde 15 kwenye saa ya kuanzisha shambulio redio inakatwa, kuanzia hapo uko peke yako na ile sentensi ndefu ya mpango wa shambulio uliyotoka kuwasomea wenzako kumi na mabeki wanaojifanya wako hapa kumbe wanaenda kule. Ndo maana kwenye mahojiano makocha wanamuweka mbele ya ubao, wanamfundisha mpango mmoja wa shambulio, wanapiga stori nyingine, halafu baadae wanamwambia haya turudie ule.

Mitihani ya akili nayo ipo na imeshachekesha sana. Kabla ya drafti ya 2023 zilivuja habari kwamba C.J. Stroud kapata alama za chini sana kwenye jaribio moja la kompyuta, Houston wakamchukua wa pili hivyohivyo, akawa mchezaji mpya bora wa ushambuliaji wa mwaka huo na timu iliyotoka kushinda mechi 3 ikashinda 10.

Mwaka ninaoupenda kuutolea mfano ni 2017. Chicago walikuwa na zamu ya tatu wakalipa zamu nyingine tatu ili wapande nafasi moja tu wamchukue Mitchell Trubisky, aliyeanza mechi 13 tu chuoni kwake North Carolina. Patrick Mahomes wa Texas Tech alikaa mpaka wa kumi, wengi walimuona mhuni, anarusha kwa pembeni, anarusha akiwa hewani, mfumo wa chuo chake haukuaminika. Baba yake alikuwa mrushaji wa besiboli wa kulipwa na ule mkono ulijieleza. Lakini watu wanasahau kipande kimoja: Kansas City walimkalisha benchi karibu msimu mzima nyuma ya Alex Smith, akaanza mechi moja tu, akiwa na kocha Andy Reid. Mwaka uliofuata akarusha tachidauni 50, yaani mipira 50 iliyodakwa na kuzaa bao. Hizo nafasi mbili ungezibadilisha, yeye akaenda Chicago na Trubisky akaenda kwa Reid, sijui kama stori ingekua hivi hivi, na hakuna gredi ya skauti inayoweza kulipima hilo kwa sababu haliko ndani ya mchezaji.

Alafu kuna Josh Allen, huyo ndo anawavuruga wote. Chuoni Wyoming mipira yake ilikua inafika kwa asilimia 56 tu na kanuni ya mtaani inasema usahihi haufundishiki, Buffalo wakamchukua wa saba 2018, mwaka wa kwanza akawa hovyo kweli kweli, na 2020 akafika asilimia 69. Tangu hapo kila mwaka kuna dogo mwenye mkono wa bunduki anayekosa watu waliosimama wazi, na kila mwaka kuna timu inasema huyu ndo Allen wetu.