Usuluhishi wa migogoro ya kazi na biashara: maana yake na unavyoendeshwa

Usuluhishi ni mazungumzo ya watu wenye mgogoro, yakiongozwa na mtu wa tatu ambaye hana upande na hana mamlaka ya kutamka nani ana haki. Hilo la mamlaka ndilo linalowapita wengi. Mtu anafika mbele ya msuluhishi na bahasha nene ya vielelezo, anamweleza kwa saa nzima jinsi bosi alivyomwonea, kisha anasubiri hukumu. Hukumu haiji. Anatoka akilalamika kwamba msuluhishi "hakusema kitu".

Anayetoa hukumu ni mwamuzi. Yeye husikiliza mashahidi, hupima ushahidi na kuandika tuzo, yaani uamuzi wake, inayowafunga wote wawili, wapende wasipende. Msuluhishi huwasaidia wafike wenyewe kwenye jambo ambalo kila mmoja anaweza kulitia saini. Wasipofika, mgogoro unasonga hatua inayofuata.

Tanzania Bara, hatua hizo mbili ziko chini ya paa moja: Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi wanaiita CMA, iliyoundwa kwa Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi na anayeona ameonewa ana siku 30 za kufungua shauri tangu siku ya kuachishwa; migogoro mingine ya kazi ina siku 60. Akichelewa, itabidi kwanza aombe kibali na aeleze sababu, na wapo wanaokwama hapohapo kwa sababu tu walikuwa wakizungushwa na ahadi za "njoo wiki ijayo". Shauri likishafunguliwa, usuluhishi unapewa siku 30, isipokuwa pande zote zikubaliane kwa maandishi kuziongeza.

Kiini cha kazi yenyewe ni kutunza siri. Yanayosemwa kwenye usuluhishi hayapelekwi kwa mwamuzi wala mahakamani kuwa ushahidi. Mwajiri akisema "niko tayari kumlipa mishahara mitatu yaishe", kauli hiyo haiwezi kutumiwa baadaye kuonyesha kwamba alikiri kosa. Bila kinga hiyo hakuna ambaye angefungua mdomo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtunza ghala ameachishwa kazi kwa barua inayotaja wizi. Fomu yake ya kufungua shauri inadai mishahara ya miezi 12. Mwajiri anajibu kwamba halipi hata senti. Wakikaa meza moja wanarushiana maneno yaleyale ya siku ile ghalani. Hapo msuluhishi huwatenganisha na kuzungumza na kila mmoja faragha. Kwa mtunza ghala anasikia jambo ambalo fomu haikulibeba: kinachomnyima usingizi ni ile barua, maana kila anakoomba kazi anaulizwa kwa nini aliondoka. Kwa mwajiri anasikia kwamba hesabu ya mali haikufanywa vizuri, na kwamba hataki wafanyakazi wake watatu wapoteze siku nzima kwenye vikao vya ushahidi. Haruhusiwi kubeba siri ya huyu kumpelekea yule bila ruhusa, kwa hiyo anamuuliza kila mmoja: lipi katika haya nimwambie mwenzako? Mwisho wake unaweza kuwa barua mpya isemayo ajira ilikoma kwa makubaliano, cheti cha utumishi, malipo ya likizo ambayo hakuichukua na mishahara kadhaa. Mbele ya mwamuzi, mvutano ungekuwa juu ya swali la kama aliachishwa kihalali, na barua ya kwanza pengine ingebaki kwenye faili lake hata kama angeshinda fidia.

Mimi naona kinachoua usuluhishi mara nyingi kuliko ukaidi ni kumtuma mtu asiye na kauli. Kampuni inamleta ofisa rasilimali watu ambaye kila pendekezo lazima atoke nje ampigie mkurugenzi, na mkurugenzi yuko safarini. Kutofika kabisa kuna hatari zaidi: sheria inampa msuluhishi uwezo wa kulifuta shauri la mlalamikaji asiyehudhuria, au kuliamua shauri ikiwa asiyefika ni mlalamikiwa. Hapa ni mojawapo ya sehemu chache ambapo msuluhishi, ambaye kwa kawaida hana nyundo ya hakimu, anakabidhiwa nyundo hiyo.

Kwa wafanyabiashara njia ni mbili. Kesi ya madai ikishafunguliwa mahakamani, hupitishwa kwanza kwenye usuluhishi. Utaratibu huo uliingizwa kwenye kanuni za mashauri ya madai za Tanzania mwaka 1994. Kenya nayo ilianza majaribio yake mahakamani Nairobi mwaka 2016, baada ya Katiba ya 2010, katika ibara ya 159, kuzitaka mahakama zihimize usuluhishi na njia nyingine mbadala za kumaliza migogoro. Njia ya pili ni kumtafuta msuluhishi binafsi kabla ya kwenda mahakamani, na kugawana gharama zake. Hoteli na msambazaji wake wa samaki wanaodaiana wana sababu ya kuipenda njia hii: wanaweza kupanga deni lilipwe kwa awamu huku samaki wakiendelea kuletwa, jambo ambalo hukumu haiwezi kuwaamrisha.

Si kila mgogoro unafaa. Anayehitaji zuio la haraka kabla mali haijauzwa aende mahakamani. Mwanamke aliyedhalilishwa kingono na msimamizi wake asisukumwe kukaa naye meza moja "muelewane".

Wakielewana, makubaliano huandikwa na kutiwa saini, na atakayekiuka anaweza kupelekwa mahakamani ili yakaziwe, yaani yatekelezwe kwa lazima. Kwa hiyo yasomwe kwa utulivu kabla ya saini: kiasi gani, lini, kwa akaunti ipi, awamu moja ikipita bila malipo itakuwaje. Maneno "malipo kamili na ya mwisho" yanaweza kufunga kila dai lililotokana na ajira hiyo, likiwemo ambalo mfanyakazi hakulikumbuka siku ile, kwa mfano saa za ziada ambazo hakulipwa.