Kwa nini HiAce inayovuta tela huchemsha mlimani hata baada ya kutolewa thamostati?

HiAce ya zamani ya dizeli, ile ambayo injini yake imelala chini ya viti vya mbele, inaweza kutembea tambarare siku nzima na mshale wa joto usisogee. Ifunge tela la tani moja, ipande Kitonga kuelekea Iringa au ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Mai Mahiu, na mshale unaanza safari yake. Gereji nyingi zina jibu moja: "Toa thamostati, maji yapite," yaani ile vali inayoamua lini maji ya injini yaende kwenye rejeta. Wengi wetu tulilikubali jibu hilo kwa miaka. Si sahihi, na kosa lake linastahili kufunuliwa polepole.

Hesabu ya mlima kwanza, kwa ufupi. Gari na mzigo wake likiwa na tani 2, ukaongeza tela la tani 1, kisha ukapanda mteremko wa mita 7 kwa kila mita 100 kwa mwendo wa kilomita 36 kwa saa, kunyanyua uzito huo peke yake kunataka kilowati 20 hivi. Bila tela zingetosha 14. Kwa injini ya dizeli ya zamani, joto linaloingia kwenye maji ya kupoza hukaribia kiasi kilekile cha kazi inayofanyika. Ni makadirio, lakini picha yake ni ya kweli: rejeta inatakiwa kutupa nje joto la majiko kumi ya umeme ya wati 2,000, wakati upepo wa mwendo umepungua hadi nusu ya ule wa tambarare au chini yake.

Sasa thamostati. Ni kifaa kidogo chenye kikopo kilichojaa nta. Nta ikipata joto huyeyuka, hutanuka, husukuma pini na kufungua vali ya kwenda kwenye rejeta. Nyingi za injini hizi huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 (namba imegongwa kwenye ukingo wake) na zinapofika 95 ziko wazi kabisa. Hapo tayari hoja ya gereji inayumba. Gari lililofika nyuzi 105 limeshaufungua mlango huo muda mrefu uliopita. Kuung'oa mlango ulio wazi hakuongezi kitu cha maana.

Kibaya zaidi, huenda kukapunguza. Igeuze thamostati utazame chini ya springi. Ukiona kisahani cha pili pale, hiyo inalinda njia mbili. Injini ikiwa baridi, maji huzunguka kwa njia fupi, kutoka kwenye injini na kurudi kwenye injini bila kuiona rejeta, ili ipate joto haraka. Vali kuu inapofunguka, kisahani kile hushuka na kuiziba njia fupi.

Fikiria nyumba yenye mlango wa mbele na wa nyuma, na ufito mmoja umeiunganisha yote miwili: ukiusukuma wa mbele ukafunguka, wa nyuma unajifunga. Wageni wote hulazimika kupita mbele. Sasa ng'oa milango yote pamoja na ufito wake. Njia ya mbele ni ndefu na nyembamba, ile ya nyuma ni fupi. Wageni watagawanyika, na maji nayo hayapendi kuhangaika. Sehemu yake itarudi kwenye injini ikiwa moto vilevile. Tambarare hutaona tofauti, kwa kuwa maji yanayopita kwenye rejeta bado yanatosha. Mlimani na tela, upungufu huo ndio unaokuangusha.

Kuna maelezo mengine yanayosikika sana: kwamba bila thamostati maji hupita mbio mno kwenye rejeta, hayapati muda wa kupoa. Hayo nayo si kweli. Tazama anayepoza chai kwa kuimimina kutoka kikombe hadi kikombe. Kila mmimino ni mfupi, lakini akimimina harakaharaka chai hupoa mapema zaidi. Maji yanayopita mbio hupoa kidogo kwa kila mzunguko, ila mizunguko ni mingi. Tatizo ni maji yasiyopita kabisa.

Imani ile haikutoka hewani. Thamostati iliyokwama ikiwa imefungwa huchemsha gari kweli, na ukiitoa gari linapona. Ndiyo maana ipimwe kabla ya kutupwa. Ifunge uzi, ining'inize ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, weka kipimajoto, chemsha taratibu. Ianze kufunguka karibu na namba iliyogongwa, na ikifika 95 iwe imenyanyuka milimita 8 hivi. Angalizo kwa walio juu: Iringa na Mbeya maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 tu, kwa hiyo kipimo kinaishia ukingoni kabisa. Isipofikia mwisho wake huko, usiihukumu haraka.

Kama si thamostati, ni nini? Swali la kuanzia ni wakati gani gari linachemsha. Likichemsha kwenye mwendo wa 80 tambarare, ambako upepo ni mwingi, shuku maji au rejeta yenyewe. Likichemsha mlimani kwenye gia ya pili na kupoa ukishaanza kukimbia tena, shuku feni.

Feni ya HiAce hizi huendeshwa na mkanda kupitia klachi yenye mafuta mazito ya silikoni. Chukua sahani mbili, moja juu ya nyingine, katikati weka asali. Ukizungusha ya chini, ya juu inafuata. Asali ikivuja pembeni, ya juu inabaki inacheza tu. Springi bapa iliyo mbele ya klachi huhisi hewa ya moto inayotoka kwenye rejeta na kuruhusu mafuta yaingie kati ya sahani. Miaka ikipita mafuta hupotea, na feni inazunguka bila nguvu hata hewa ikiwa ya moto.

Zima injini, ikiwa baridi, zungusha feni kwa mkono. Iwe na uzito kidogo. Ikizunguka yenyewe raundi kadhaa kama pangaboi, imekwisha. Michirizi myeusi yenye vumbi inayotoka katikati ya klachi ni ushahidi mwingine. Toyota huuza mafuta ya silikoni katika vitubo vya mililita 18, vyenye mafuta ya viwango tofauti vya uzito, yaani unato (3,000, 6,000 na 10,000; namba ikipanda mafuta ni mazito zaidi), kwa hiyo klachi ambayo beringi yake ni nzima inaweza kujazwa upya. Kuichomelea ili feni izunguke moja kwa moja husaidia mlimani, lakini hula mafuta, huchosha mkanda, na kwenye mizunguko mikubwa feni inaweza kupasuka. Angalia pia kava linaloizunguka feni. Likikosekana, feni hurudisha hewa ileile badala ya kuivuta kupitia rejeta.

Rejeta ioshwe kwa maji yasiyo na kasi, kutoka upande wa injini kwenda mbele, maana uchafu uliingilia mbele. Kifuniko chake kiwe cha shinikizo la 0.9 bar. Kikishika vizuri, maji hayachemki mpaka karibu nyuzi 118 usawa wa bahari. Springi yake ikichoka, faida hiyo inapotea. Kisha asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa na kifuniko kikiwa kimefungwa, washa na ushike mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa mgumu ndani ya dakika moja, kabla ya joto, gesi ya silinda inaingia kwenye maji: gasketi ya silinda hedi imeungua, au hedi yenyewe (kifuniko cha juu cha injini) imepasuka. Hedi za injini ya 2L (jina la dizeli ya Toyota iliyo kwenye nyingi za HiAce hizi, si lita mbili) zinajulikana kwa kupasuka kati ya vali, kwa hiyo usikipuuze kipimo hiki.

Ukiwa mlimani tayari, shusha gia mapema na upunguze mwendo. Pampu na feni hufuata mizunguko ya injini, na gia ya juu inayogugumia huvinyima nguvu vyote viwili. Zima kiyoyozi, fungua hita hadi mwisho, vioo vishushwe. Ukisimama, usizime papo hapo kama hakuna mvuke. Iache ingurume kwa mizunguko iliyo juu kidogo ya sailensa (mngurumo wa gari lililosimama bila kukanyagwa mafuta) kwa dakika mbili au tatu, na kifuniko usikiguse kwa nusu saa nzima. Mshale ukishuka ghafla katikati ya mlima, usifurahi: sensa husoma maji, na inapobaki hewani inasoma chini. Hapo zima mara moja.