«Inabidi» ya Wafaransa: il faut na devoir

Tunasema «inabidi niende». Ukiulizwa hiyo i- ya mwanzoni ni ya nani, huna jibu: si ya mtu wala ya kitu. Na kitenzi kinachofuata ni «niende», si «ninaenda». Kifaransa hufanya hivyohivyo: il faut que j'aille. Hapa il si «yeye», imekaa tu mahali pa kiima. Aille nayo ni umbo ambalo Wafaransa huliita subjonctif, na kazi yake ni ileile ya «niende» yetu.

Ndiyo maana huwezi kusema je faut. Falloir, kitenzi ambacho faut ni umbo lake, hukaa na il peke yake: il fallait, il a fallu, il faudra. Kama humlengi mtu fulani, acha que na uweke kitenzi bila kukinyambua: il faut payer, ni lazima kulipa. Katika mazungumzo hata il humezwa, ukasikia faut payer.

Devoir humtaja mwenye mzigo, kama «napaswa»: je dois, tu dois, il doit, nous devons, vous devez, ils doivent. Wanaoanza hukipenda kwa sababu hakihitaji subjonctif: je dois partir, basi. Lakini kina mambo yake. Kwanza ni kitenzi cha deni: je te dois mille francs, unanidai faranga elfu moja. Tena hubeba makisio: il doit être malade, atakuwa mgonjwa. Il a dû partir yaweza kuwa «ilimbidi aondoke» au «atakuwa ameondoka», na ni mazungumzo yenyewe yatakayokuamulia. Kwa mtu mzima, vous devez husikika kama amri. Vous devriez ni ushauri.

Penye mtego hasa ni kwenye kukanusha. Il ne faut pas entrer haina maana ya «si lazima kuingia». Maana yake ni usiingie, hairuhusiwi. Mwenyeji akimwona mgeni ameshiba, akamwambia il ne faut pas finir akidhani anamwondolea mzigo wa kumaliza sahani, kwa kweli amemkataza asimalize. Alichotaka kusema ni vous n'êtes pas obligé de finir, si lazima umalize. Tofauti hii tunayo wenyewe kati ya «hupaswi kuingia» na «si lazima uingie», ila tukishika Kifaransa tunaisahau.

Bila kukanusha, être obligé de huonyesha kuwa kuna jambo lililokubana, iwe sheria au basi la mwisho lililokuacha: je suis obligé de rester, nimelazimika kubaki. Avoir à ndiyo nyepesi kwetu kuliko zote, maana j'ai une lettre à écrire ni «nina barua ya kuandika», karibu neno kwa neno.